Siku moja kwenye maabara ya mafuta ya kula

Saa 1 asubuhi nafungua oveni. Vichupa vya mafuta ya alizeti vimelala humo kwenye nyuzi 60: vingine havikutiwa kitu, vingine vina dondoo la rosemari, mmea wa kiungo, vingine tokoferoli, yaani vitamini E; vyote viwili huchelewesha mafuta kuchacha. Joto linaharakisha uharibifu, ili tusingoje miezi kujua mafuta yatakaa rafuni muda gani. Natoa, nanusa, naandika. Watu wakisikia nashughulika na dondoo za mimea, hudhani natwanga majani kwenye kinu. Majani siyaoni. Dondoo huletwa kwenye kopo, zito, kijani iliyokoza, na kazi yangu ni mizani, bureti na kuosha vyombo. Hasa kuosha vyombo, maana mafuta hayatoki kirahisi kwenye kioo.

Saa 2 hadi saa 4: kupima, kuosha, kupima tena.

Saa 4 na nusu akaingia mteja na dumu. "Binti yangu, nasikia mna dawa ya mimea. Nitilieni, mafuta haya yarudi." Nikafungua kifuniko. Yalinuka kama mlango uliopakwa rangi jana.

"Shikamoo mzee. Haya yameshachacha."

"Marahaba. Hayajachacha. Soma hapa." Akanipa karatasi ya kipimo: peroksidi 6. Kiwango cha Codex, kanuni za kimataifa za chakula, kwa mafuta yaliyosafishwa ni hadi 10, kwa hiyo kwa karatasi ile alikuwa salama kabisa.

Na karatasi haikusema uongo, hapo ndipo shida ilipo. Peroksidi, zinazozaliwa mafuta yanapokutana na oksijeni, ni hatua ya kwanza tu ya kuchacha. Hupanda, kisha huvunjika na kuzaa aldehidi, na hizo ndizo zinazonuka. Namba inaweza kushuka huku mafuta yakizidi kuharibika. Nikamweleza. Akaniambia pua yangu ina mafua.

Basi nikapima mbele yake. Gramu 5 za mafuta kwenye chupa, asidi ya asetiki na isooktani, kisha iodidi ya potasiamu, nikahesabu dakika moja kwenye saa. Rangi ikawa njano. Maji, halafu thiosulfati tone kwa tone, wanga kidogo, ikageuka buluu nzito. Kuanzia hapo macho hayaruhusiwi kubanduka, tone moja likizidi umeharibu. Mzee akawa ananisimulia jinsi mafuta yake yanavyopangwa kwenye chupa angavu, nje, ili wanunuzi wayaone yanavyong'aa. Juani! Buluu ikatoweka. Peroksidi 5 na kitu. "Umeona?" akasema. Nikaendelea na kipimo cha anisidini, kinachokamata aldehidi zenyewe. Namba ikaruka juu, naye akanyamaza kidogo.

Kidogo tu. "Basi tia dondoo mara mbili."

Asidi ya kanosiki iliyomo kwenye rosemari huipa radikali huru, chembe kali zinazoeneza uharibifu, hidrojeni yake, mnyororo wa uharibifu ukakatika hapo. Katika kufanya hivyo nayo inatumika, inakwisha. Ndiyo maana hutiwa mafuta yakiwa bado mapya. Aldehidi iliyokwisha kuzaliwa hairudi. Ukizidisha, mafuta yanakuwa ya kijani na kunuka majani. Tena dondoo likibaki na klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, kwenye chupa angavu juani, mwanga unaigeuza klorofili kuwa msaidizi wa oksijeni katika kuharibu mafuta.

"Lakini si ni asilia?"

Nilihesabu moyoni kabla ya kujibu. Aliikimbia TBHQ, kemikali ya kiwandani ya kuzuia mafuta yasichache, kwa sababu wateja wake hawaitaki kwenye lebo. Sina ugomvi na hilo. Ila TBHQ ina kikomo chake, miligramu 200 kwa kilo, na hakuna anayeimwaga kwa kukisia. Cha asilia nacho kinapimwa.

Chakula cha mchana nilikila nimesimama, sijui saa ngapi. Miguu ilikuwa imeshakufa ganzi.

Jioni mashine ikanifuta machozi. Inapuliza hewa kwenye mafuta ya nyuzi 110. Asidi zinazoruka zinaingia kwenye maji safi, na maji yanapoanza kupitisha umeme, mstari unapanda. Mstari wa mafuta matupu ulikuwa umeshapaa. Wa rosemari bado umelala chali. Dozi ile niliipanga mimi.

Nikaandika ripoti ya mzee: namba zote mbili, na chini yake, "Dondoo halishauriwi kwa mafuta haya." Akapiga simu kuomba mstari huo uondolewe. Nimemwambia unabaki, na shehena ijayo ailete siku inayotoka kusafishwa, akaihifadhi gizani.