Siku kumi na katheta baada ya kutolewa tezi dume kwa roboti

Vidonda vya tumboni havikunipa kazi. Vilikuwa sita, vingi vya milimita 8 hivi, na kimoja cha kitovuni kilichopanuliwa ili tezi itolewe. Kazi ilikuwa ya katheta, yaani mpira unaotoa mkojo kibofuni hadi kwenye mfuko. Tezi ikishaondolewa, kibofu hushonwa moja kwa moja na njia ya mkojo, na katheta hubaki humo hadi mshono ushikane. (Roboti haipasui yenyewe, jamani. Daktari ndiye anayeendesha ile mikono.)

Kinachoizuia katheta isitoke ni kiputo chenye maji, kama mililita 10, ndani ya kibofu. Ikivutwa, kiputo hukandamiza mshono mbichi. Kwa hiyo niliibana pajani kwa plasta na kuacha mpira ulegee kidogo, ili nikinyoosha mguu usikaze. Kila siku nilihamia paja la pili ngozi ipumzike. Mfuko wa mguuni niliumwaga ukifika nusu, maana ukijaa uzito wake nao unavuta. Usiku niliunganisha ule wa lita 2 kwenye koki ya huo mdogo bila kuuchomoa, kwa sababu kila kiungo unachofungua ni mlango wa vijidudu. Mfuko wowote ukae chini ya usawa wa kibofu.

Kilichohitaji akili zaidi ni mkojo kuvuja pembeni ya katheta. Mfuko ukiendelea kujaa, hicho ni kibofu kinachojikaza kukisukuma kiputo: kinauma, kinapita, na dawa yake ipo ukimwambia daktari. Mfuko usipopokea kitu, kwanza kagua kama mpira umejikunja au umeukalia. Kama umenyooka na bado ni mkavu, huenda donge la damu limeziba. Nenda hospitali upesi, na asiruhusiwe mtu yeyote kujaribu kuibadilisha katheta bila daktari wa upasuaji kujua, kwani katheta mpya inaweza kutoboa mshono.

Mkojo kuwa mwekundu baada ya kujikamua chooni haukunitisha. Nilikunywa maji ukarudi rangi yake. Ila kujikamua kwenyewe ni kosa. Nilitumia dawa ya kulainisha choo tangu mwanzo, na sikugusa bomba la enema, kwa sababu ukuta wa puru uko nyuma tu ya pale palipopasuliwa. Maumivu ya bega ni mabaki ya gesi iliyopulizwa tumboni, tembea, yataisha.

Siku ya kuitoa katheta nilikwenda na pedi na nguo ya ndani inayobana. Mazoezi ya misuli ya nyonga nilianza hapo, si katheta ikiwa bado ndani: kubana sekunde 5, kulegeza 5, mara 10, kwa awamu tatu kwa siku, na kubana kabla ya kukohoa au kuinuka kitini. Ukijikuta umekaza makalio na kuzuia pumzi, umekosea msuli. Unaotakiwa ni ule unaozuia ushuzi mbele za watu.