Gunia la mchele kiti cha mbele

Mama mkwe alitolewa mtoto wa jicho Dar es Salaam, akakaa kwetu Kimara wiki sita, halafu akasema inatosha. Joto limemchosha, feni inamuumiza shingo, na viazi vya mjini havina ladha. Kurudi kwake kwa basi hakutaka. Mke wangu akanitazama bila kusema neno, nami nikajibu kwa sauti ya mtu mwenye gari la juu: "Tutampeleka mpaka mlangoni."

Mlangoni kwake ni Matamba, wilaya ya Makete, juu ya milima inayoiangalia Chimala. Nilikuwa nimefika huko mara mbili, zote kwa gari la watu, zote kiangazi. Safari hii ilikuwa mwishoni mwa Januari.

Gari lenyewe ni Toyota Harrier ya toleo la pili, lile lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2003. Mjini wanaliita tako la nyani, jina ambalo kwa wiki sita nyumba nzima tulijitahidi lisitajwe mbele ya mama. Injini ni ya cc 2,362, maana yake ushuru wake wa bidhaa uko upande mkubwa, juu ya mstari wa cc 2,000, lakini mimi nilinunua likiwa limeshaingia nchini, yard moja ya pembeni mwa barabara, miaka mitatu iliyopita. Muuzaji alilipigapiga bonati kama mtu anayemsifia ng'ombe mnadani. "Viti vya ngozi, redio inasoma flashi, fo wili, tairi zote nne zinavuta, bosi. Hii unakwenda nayo popote." Nililizunguka mara mbili, nikajaribu viti vyote. Kuinama chini sikuinama, nilikuwa nimevaa suruali ya kazini.

Kwa maisha ya Dar halijaniangusha. Linavuka madimbwi ya masika, halikwaruzi tumbo kwenye matuta, na watoto watatu wanakaa nyuma bila kugombana sana. Linakula mafuta, hilo sikatai. Kwenye foleni ya Ubungo lita moja inanipa kilomita saba, nane ikiwa Jumapili. Ndiyo maana kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Ewura wanapotangaza bei kikomo, nyumbani kwangu panakuwa kimya kidogo. Bushi na vijiti vya stabilaiza navijua kwa majina kama watoto wa jirani, na Gerezani wauza spea wananisalimia. Jambo moja tu nililolirithi bila kulipenda: mwenye gari wa kwanza aliweka rimu pana za inchi 19 na tairi nyembamba kama chapati. Zinapendeza kanisani.

Tuliondoka saa kumi alfajiri, mimi, mke wangu, mama, na shemeji yangu mdogo aliyekuwa amemaliza chuo na hana haraka ya popote. Ukipita Mbezi kabla ya mabasi kuamka kwenye stendi ya Magufuli, Dar inakuachia kirahisi. Kibaha, Chalinze, Morogoro, hapo sina la kusimulia isipokuwa kwamba pale Kingolwira trafiki walinipiga tochi nikiwa kilomita 58 kwenye kibao cha 50. Elfu thelathini. Mama aliuliza kwa nini wametulipisha na hatujagonga mtu.

Mikumi tuliipita jua likiwa limepanda. Barabara kuu inakata hifadhi kwa kilomita hamsini hivi, na huko ndiko gari la juu linalipa: unakaa juu ya nyasi, unaona. Mama alikaa dirishani na jicho lake jipya akihesabu pundamilia kwa sauti. Twiga watatu walisimama karibu na lami wakatutazama kwa dharau. Lakini magari ya IT yalikuwa yakitupita kama upepo. Ni yale magari yanayoshushwa bandarini Dar na kuendeshwa mpaka Tunduma, kwenda Zambia na Kongo, mengine bado na karatasi za plastiki kwenye viti. Niliona Harrier mpya nne kwenye msafara mmoja, zile za baada ya 2013, zinang'aa. Shemeji akasema, "Hizo ndizo zenyewe." Nikamwambia ashuke akazifuate.

Baada ya mibuyu ya Ruaha Mbuyuni na vitunguu vyake ndiyo unafika Kitonga. Asiyeijua Kitonga afikirie ukuta wa mlima umechongwa barabara, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo, na malori ya mafuta yanapanda kwa mwendo wa mtu aliyebeba ndoo. Yanayoshuka yamebeba shaba kutoka Kongo na Zambia, mabamba machache tu kwenye trela refu, na unajua kwa uzito ule kwamba breki zikigoma hakuna mjadala. Nilizima kiyoyozi, nikarudisha gia ya 2, nikakaa nyuma ya tangi la dizeli nusu saa nzima. Jicho langu lilikuwa kwenye mshale wa joto. Mwaka juzi fundi mmoja alinijazia rejeta maji ya bomba badala ya kulanti, na nilijifunza Chalinze, saa nane mchana, maana ya moshi mweupe. Safari hii mshale ulisimama katikati, haukutikisika. Nilijisikia mtu.

Ilula tulisimama kununua nyanya, na hapo ikawa baraza. Wenye magari ya juu wakikutana kwenye kivuli hawasalimiani, wanaulizana: "Linakupa ngapi kwa lita?" Dada mmoja aliyetoka Songea na Subaru Forester alisema yeye haogopi tope, gari lake linavuta tairi zote nne muda wote na linashika barabara kama gundi, tatizo ni kumpata fundi mwenye subira, kwa sababu injini imelala na plagi ziko ubavuni, na asiye na subira anazivunjia humo humo. Mzee mmoja wa Prado ya dizeli alitusikiliza akila hindi la kuchoma. Alipoona namalizia sifa zangu akauliza naelekea wapi. Nikamwambia Matamba. Akauliza kwa njia ipi. Nikasema hamsini na saba.

Akalitazama gari langu kuanzia rimu. "Mwanangu, hilo lako ni Camry iliyopanda stuli."

Watu walicheka, na mimi nikacheka. Njiani mke wangu akaniuliza kama ni kweli. Nikamweleza kwamba ndiyo, Toyota waliijenga Harrier juu ya mifupa ya Camry, ndiyo maana inatulia barabarani kama gari dogo wakati Prado ina chesisi yake chini kama lori. Nikalieleza hilo kama sifa. Kwenye lami, ni sifa kweli.

Kuanzia hapo mama alibadilika. Alianza kupokea salamu madirishani, "Kamwene," sauti ikiwa imepanda, mgongo umenyooka. Misitu ya misonobari ya Sao Hill, mbao za Mafinga zimepangwa mafungu pembeni ya lami, halafu ubaridi wa Makambako unaingia mpaka kwenye meno. Tulilala Makambako. Gari lilitumia lita moja kwa kilomita kumi na kidogo kwa siku nzima, na nililala na hesabu hiyo kama mtu aliyelala na hundi chini ya mto.

Asubuhi tukashuka kwenye bonde la Usangu, joto likarudi, na Chimala mama akatangaza kwamba haendi nyumbani mikono mitupu. Matamba viazi vipo, mahindi yapo, ngano ipo, mchele haupo. Gunia la kilo mia likapakiwa kwenye buti, juu ya masanduku, pamoja na mafuta ya kula na bati tano za jiko ambazo sikuwahi kuambiwa habari zake. Nyuma ya gari ikashuka. Taa za mbele zikawa zinaangalia mbinguni. Ilikuwa imenyesha usiku.

Hamsini na saba ndilo jina la barabara, kwa sababu ndiyo idadi ya kona. Inaacha tambarare ya Chimala na kujiviringisha kwenye ukuta wa mlima kama uzi kwenye pia, kona inakata mpaka unaona nambari za gari lako mwenyewe. Shemeji alijitolea kuhesabu. Kona ya kwanza mpaka ya kumi na tano tulikwenda na hadithi. Ya ishirini hadithi zikaisha. Kila kona ina sehemu ya ndani yenye mwinuko kuliko zote, na hapo ndipo maji ya usiku yalikuwa yamepita yakaacha utelezi juu ya mawe. Chini Usangu ilikuwa imetandazwa kijani na fedha, mashamba ya mpunga yanameta. Sikuangalia sana.

Kwenye ya thelathini na moja tairi za mbele zikaanza kuimba. Gari likasimama, injini inanguruma, tope linaruka pembeni, na sisi tuko palepale. Nikakanyaga zaidi, ambalo ni kosa la kwanza la kila mtu. Likaanza kurudi nyuma taratibu kwa ubavu, kuelekea upande ambao hauna ukuta. Nikaweka handibreki. Mke wangu akaanza kusali kwa sauti ya chini.

"Mkwe," mama akasema kutoka kiti cha mbele, bila wasiwasi wowote, "kwa jicho langu hili jipya naona gurudumu linazunguka na gari haliendi."

Shemeji akaweka mawe nyuma ya tairi. Tukiwa hapo, chini yetu ikatokea Noah ya abiria. Ilikuja na watu sijui kumi, kuku kwenye neti juu ya paa, ikatufikia, dereva akasimama bila hata kuteleza. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushee, na kandambili. Akamwamkia mama kwanza, akaulizwa ni mtoto wa nani, akajibu, ukoo ukapatikana. Ndipo akaja kwangu.

"Kaka, weka fo wili."

Nikamwambia inajiweka yenyewe. Akanitazama, akapiga magoti kwenye tope, akachungulia chini ya buti. Alikaa huko muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Kaka, hii haina difu ya nyuma. Propela shafti, ile chuma ya kupeleka nguvu nyuma, haipo. Hii inavuta mbele tu."

Nami nikapiga magoti. Miaka mitatu ya bima kubwa, oili kila kilomita elfu tano, bushi, pedi, na sikuwahi kuchungulia pale. Palikuwa na bomba la moshi, tairi ya akiba, na nafasi tupu. Fundi wangu hajawahi kuniambia, kwa sababu sikuwahi kumuuliza. Kwake yeye ilikuwa wazi kama kofia kichwani.

Kijana hakunicheka, na hilo nalikumbuka. Alinieleza kama anavyoeleza dereva kwa dereva. Gari la kuvuta mbele linataka uzito mbele. Ukipanda mlima uzito unahamia nyuma wenyewe, na wewe umeongeza gunia la kilo mia nyuma ya ekseli ya nyuma. Tairi zinazofanya kazi zimebaki zinagusa ardhi kwa heshima tu. Tena ni pana na kipara katikati. Akashauri tupunguze upepo wa tairi, akaziangalia zile chapati, akabadili mawazo: jiwe moja tu na rimu inakatika.

"Leteni mchele mbele," akasema.

Na hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa, nami siwezi kuyapamba. Abiria wa Noah walishuka, gunia likatolewa kwenye buti, likabebwa na wanaume wanne, likaketishwa kiti cha mbele. Shemeji akalifunga mkanda, kwa sababu kengele ya mkanda ilikuwa ikilia. Bati zikawekwa miguuni pake. Mama mkwe wangu, mwenye umri wa miaka sabini na moja, aliyefanyiwa upasuaji wa jicho, akashuka akapandishwa kwenye Noah, akakalia mapaja ya mama mmoja ambaye kwa bahati ni binamu yake. Mke wangu na shemeji walitembea kwa miguu wakisukuma kila kona. Nilipanda kona ishirini na sita zilizobaki nikiwa na gunia pembeni yangu, gia ya L, mguu umetulia, nisiharakishe na nisisimame. Halikuteleza tena ila mara mbili.

Kila nilipokata kona nilimwona mama juu yangu kwenye dirisha la Noah, amegeuka nyuma, ananiangalia.

Matamba kulikuwa na ukungu na moshi wa kuni. Kijana wa Noah alikataa pesa ya msaada akapokea ya nauli ya abiria mmoja, mzee, na nusu mzigo. Siku tatu tulizokaa gari lilipumzika chini ya mti na watoto wakaandika majina kwenye tope lake. Kwenda Kitulo tulipanda Land Rover ya zamani ya jirani, inavuja oili kila mahali na haijali lolote. Ni msimu wenyewe: uwanda wa juu, zaidi ya meta 2,600, umejaa maua mpaka upeo wa macho, ndiyo maana wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu, na tangu 2005 ni hifadhi ya taifa. Mama alifumba jicho moja, akafumbua, akafumba lingine, akilinganisha rangi.

Nyumbani, kabla ya kuaga, alinitengea uji pekee yangu. "Mkwe," akasema, "gari lako ni zuri. Linapenda barabara." Sikujua nijibu nini, nikasema asante mama.

Asubuhi ya kuondoka nilikuta magunia mawili ya viazi yamesimama mlangoni, zawadi yetu. Nikafungua buti. Shemeji, ambaye anarudi nasi Dar, alikuwa tayari amelikumbatia moja, amefungua mlango wa mbele, anatafuta ncha ya mkanda.

"Ondoa hilo," mke wangu akasema. "Tunashuka, hatupandi."

Shemeji akanigeukia mimi. Nikapiga magoti tena, nikachungulia chini, kama vile pengine kuna kitu kimeota usiku.