Picha ya babu iliyodonolewa na kuku

Babu yangu wa Muheza alipigana Burma na Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akarudi, akashika jembe mpaka majuzi. Umri wake hauna cheti, sisi tunasema mia, yeye anasema, "Ongezeni." Baba wadogo wakakata shauri tumtundike sebuleni angali hai. Kwa kuwa mimi huandika mabango ya maduka hapo Ngamiani, Tanga, mzigo ukaniangukia. Bure, bila shaka.

Kosa langu kusikiliza watu. Fundi mmoja aliniambia rangi ya mafuta ikiwa nzito ilainishwe kwa mafuta ya taa, tapentaini ya nini, ghali! Nikamtii. Tena masika. Siku ya tisa shavu la babu bado linanata kama halua. Usiku nikaiacha barazani chini ya taa ipate upepo, kumbikumbi nao wakatoka. Asubuhi babu ana ndevu za mbawa mpaka kwenye kope. Nikaingia ndani kutafuta kibano cha nyusi. Kurudi, jogoo na matetea wawili wamepanda benchi, wanamdonoa. Walipotosheka pua haipo, na kitambaa kimetoboka.

Babu alicheka mpaka akapaliwa. Akasema bonde la Kabaw, huko Burma, 1944, mvua ilikuwa hivyo hivyo, soksi hazikauki, "lakini kuku wangetudonoa? Tungewala!"

Mara ya pili nilinunua marekani, nikaikaza kwenye fremu, nikapaka gundi ya mbao iliyozimuliwa, kisha rangi nyeupe ya maji mikono mitatu, kila mkono na msasa wake. Ukiigonga inalia kama dufu. Mwili wote nikauchora kwa rangi za maji. Ya mafuta nikaibakiza usoni na mikononi tu, nyembamba. Vyote elfu hamsini hivi, labda sitini.

Baba wadogo walitaka sare, basi nikamvika ile kofia ya ukingo mpana uliokunjwa upande mmoja, na nishani ya Nyota ya Burma kifuani. Yake ilipotea zamani, nikaichora kwa kubuni. Babu akasogea na macho yake yenye mtoto wa jicho, akahesabu kwa kidole.

"Mke wangu, hii ya mgambo. Yangu ilikuwa na ncha sita."

Nikaongeza ncha. Na utepe nikaurekebisha: buluu iliyokoza, nyekundu katikati, mstari wa rangi ya chungwa kila upande. Chungwa hilo ndilo lililoniponza.

"Na michungwa yangu iko wapi? Vitani nilikaa miaka minne. Shamba je?"

Sare nikaifuta yote, baba wadogo wakanuna wiki nzima. Sasa amekaa chini ya mchungwa kwa msuli na shati lililopauka, kofia gotini, nyota mfukoni mwa shati, jembe mapajani. Nikadhani nimemaliza.

"Mpini mrefu. Hilo la kuchimbia kaburi."

Nimeufupisha mara mbili. Ukisogea karibu utaona alama ya ule wa kwanza, imepita katikati ya majani.