Watoto wa karatasi

Wiki hii imejaa mambo. Zuhra amejifungua salama, mvulana, na Bi Mkubwa hashikiki kwa furaha. Mkataba wangu wa takwimu za afya wilayani nao umeongezwa hadi Juni, alhamdulillahi. Lakini kinachonizunguka kichwani ni maneno ya Sista, muuguzi wa kile kituo cha afya cha ngazi ya tatu, kule karibu na mpaka wa Uganda na Kenya.

"Mwanangu, unataka kusema mimi nachanja watoto wa karatasi?"

Nilimwuliza swali la kazi. Kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, dozi ya tatu ya Penta (chanjo ya magonjwa matano) kituoni kwake imepita asilimia 100 ya watoto tuliowakadiria, na wilaya ikataka nihesabu upya rejista, nilinganishe na karatasi ya alama, alama moja kwa kila dozi, kisha na fomu 105, ripoti ya mwezi, ile ya kila tarehe 7. Hakupandisha sauti. Alimaliza kumchoma mtoto aliyekuwa mapajani kwa mama yake, akajaza kadi, akafunika kikasha cha chanjo, ndipo akaniambia. Na lile "mimi" alilikazia. Yuko pale tangu 2001, mwaka ambao serikali ilifuta malipo kwenye vituo vyake na foleni zikafurika, na leo anaulizwa na kijana mwenye kishikwambi. Usiku nalisikia tena. Mimi. Nachanja. Watoto wa karatasi.

Nikahesabu. Rejista, karatasi na fomu zikakubaliana, mwezi kwa mwezi.

Jibu lilikuwa kwenye safu ya makazi, ambayo ripoti ya mwezi haiibebi. Ukurasa baada ya ukurasa kuna vijiji vya upande wa Kenya. Sisi wilayani tunakadiria watoto wa chini ya mwaka mmoja kuwa asilimia 4.3 ya wakazi, na kwa miaka mingi wakazi hao tuliwakisia kutoka sensa ya 2014, Uganda ikiwa na watu milioni 34.6. Sensa ya 2024 imetukuta milioni 45.9. Tena hakuna sensa yetu inayomhesabu mama wa Busia ya Kenya anayevuka alfajiri kuuza omena huku, mtoto mgongoni, akaona bora amchanje hapa hapa kabla soko halijachangamka. Sista hamrudishi mtu. Watoto ni wa kweli, idadi tunayogawanyia ndiyo ndogo.

Nimewahi kusikia kikaoni ikisemwa, "Zipunguzeni zifike 98, maswali yaishe." Jambo hili linanikera mpaka sasa. Ukifuta alama moja umemfuta mtoto aliyelia kwenye benchi lile, na mwezi unaofuata dozi zinaletwa pungufu.

Nilipomwambia hesabu imekubali, Sista hakusema kitu. Akavuta droo akanipa daftari la shule, limechakaa kona. Ndani ameandika kila mtoto aliyekosa kurudi kwa dozi ya tatu akiwa na wiki 14: jina la mama, mahali anapokaa ("nyuma ya msikiti", "kwa fundi baiskeli"), VHT (mhudumu wa afya wa kijiji) aliyetumwa kumtafuta, na alama ya wino mwekundu akishapatikana. Kurasa nyingi zilikuwa nyekundu. Hakuna fomu yetu hata moja inayouliza habari za daftari hilo! Nilikaa nalo muda mrefu, moyo ukachanua. Nikajikuta nacheka, naye akacheka, akaniagizia chai.

Kwenye ripoti nimeandika wazi: takwimu za kituo zibaki kama zilivyo, na watoto wa ng'ambo wahesabiwe peke yao, upande wa pili ujulishwe wasiwatafute bure wakidhani hawajachanjwa. Nitalisimamia hili hata kikao kikiwa kirefu.

Na Baba, jamani, bado anaenda Tororo usiku na ile pikipiki isiyo na taa ya nyuma. Nimempigia tangu magharibi, hapokei.