Nilivyojiandaa kwa maswali ya kujieleza ya umeme na sumaku

Kwenye maswali ya kuchagua, ukiikumbuka kanuni yenyewe umeshafika nusu ya safari. Maswali ya kujieleza hayako hivyo. Unachorewa tufe lenye chaji, au fito inayoteleza juu ya reli mbili, kisha unaambiwa "onyesha", "tolea sababu", "eleza bila kukokotoa". Msahihishaji anataka kuona umefikaje, na kila hatua ya maana ina alama yake. Ndiyo maana maandalizi yangu yote niliyajenga juu ya zoezi moja: kabla ya kuandika mlinganyo wowote, niandike sentensi inayosema kwa nini mlinganyo huo unafaa hapo.

Sheria ya Gauss, inayounganisha uga wa umeme kwenye uso uliofungika na chaji iliyo ndani yake, ndiyo iliyonionyesha faida ya zoezi hilo. Chukua tufe la kihami lenye nusu kipenyo R, ambalo msongamano wa chaji yake kwenye umbali r kutoka katikati ni ρ₀r/R. Unaulizwa uga wa umeme ndani yake. Sentensi yangu ya kwanza ilikuwa hii: msongamano unategemea r peke yake, kwa hiyo uga unaelekea nje moja kwa moja kutoka katikati, na ukubwa wake ni uleule kila mahali kwenye tufe la kufikirika lenye nusu kipenyo r. Bila sentensi hiyo huna ruhusa ya kuitoa E, yaani uga wenyewe, nje ya integrali, hata kama jibu litatokea kuwa sahihi. Kisha chaji iliyozingirwa. Hapa huwezi kuzidisha msongamano kwa ujazo wote ukamaliza, kwa sababu msongamano unabadilika. Unalimenya tufe kama kitunguu, ganda kwa ganda. Kila ganda lina ujazo wa 4πr²dr, unauzidisha kwa msongamano wa hapo, unajumlisha kuanzia katikati, na unapata πρ₀r⁴/R. Ukigawanya kwa ε₀ (kigezo kisichobadilika cha umeme katika ombwe) na kwa 4πr², uga ndani ya tufe ni ρ₀r²/(4ε₀R).

Nje ya tufe, chaji iliyozingirwa haiongezeki tena, imekomea πρ₀R³, hivyo uga ni ρ₀R³/(4ε₀r²). Nikishamaliza, naweka r = R kwenye majibu yote mawili. Yote yanatoa ρ₀R/(4ε₀). Ukaguzi huo mdogo ulinipa utulivu kuliko kurudia hesabu yote toka mwanzo. Pia ni msaada mkubwa kwenye grafu, maana unajua mkunjo unapanda hadi R kisha unashuka bila kukatika.

Sheria ya Ampère, ya uga sumaku unaouzunguka mkondo, niliipitia haraka, kwa sababu hoja ni ileile ila tufe limekuwa duara kuzunguka waya.

Muda mwingi niliutoa kwa sheria za Faraday na Lenz: flaksi (kiasi cha uga sumaku kinachopita kwenye saketi) ikibadilika inazalisha volteji, na mkondo wake hupinga badiliko hilo. Nadhani hakuna swali linalopima ufahamu wa somo hili vizuri kama lile la fito juu ya reli: fito ya urefu L na masi m, reli zisizo na msuguano, rezista yenye ukinzani R (si R ile ya tufe) inayofunga saketi, na uga sumaku B unaoingia ndani ya karatasi. Fito inaanza na kasi v₀ ikienda mbali na rezista, na hakuna anayeisukuma tena. Mkondo unaelekea wapi? Kuandika tu "kwa sheria ya Lenz" hakutoshi. Niliandika mnyororo mzima: eneo la saketi linapanuka, flaksi inayoingia kwenye karatasi inaongezeka, mkondo lazima utengeneze uga unaotoka kwenye karatasi ndani ya saketi, kwa hiyo unazunguka kinyume na mikono ya saa. Viungo vinne, na kukosa kimoja ni kuacha hoja ikining'inia.

Kutoka hapo swali linafunguka. Volteji ni BLv, mkondo ni BLv/R, kani inayoizuia fito ni B²L²v/R. Sheria ya pili ya Newton inatoa mlinganyo ambao kiwango cha kupungua kwa kasi kinategemea kasi yenyewe, na jibu lake ni v₀ ikizidishwa kwa e yenye kipeo −B²L²t/(mR). Wakiuliza fito itasafiri umbali gani, unajumlisha kasi kwa muda wote na kupata mv₀R/(B²L²). Wakiuliza joto lililozalishwa kwenye rezista, huhitaji integrali kabisa: nishati mwendo yote imeishia huko, ½mv₀². Nililipenda sana swali hili, na nililirudia kwa sura nyingi: fito ikivutwa kwa kani isiyobadilika, uga ukigeuzwa, rezista ikibadilishwa na kapasita.

Kwa kapasita, swali la kwanza kujiuliza ni kama betri bado imeunganishwa. Ikiwa imeunganishwa, volteji haibadiliki. Ikiwa imeondolewa, chaji haibadiliki. Ukichomeka kihami katikati ya bamba, nishati inaongezeka katika hali ya kwanza na kupungua katika ya pili, na sababu unaipata kwenye kile kilichobaki vilevile. Kwenye saketi yenye rezista, kapasita tupu mwanzoni ni kama waya mtupu, na baada ya muda mrefu ni kama saketi iliyokatwa. Koili ni kinyume chake.

Maswali ya majaribio nayo yana utaratibu wake. Volteji ya kapasita inayopoteza chaji haitoi mstari mnyoofu dhidi ya muda, lakini logi asilia yake inatoa, na mteremko ni −1/RC, yaani ukinzani R mara uwezo wa kapasita C. Nilijizoesha kuchora mstari unaopita vizuri kati ya nukta, kisha kupima mteremko kwa pointi zilizo juu ya mstari, si kwa nukta za data.

Kazi zangu nilizisahihisha kwa mwongozo wa usahihishaji wa mitihani iliyopita, kisha nikampa mwenzangu azisome bila kuniuliza chochote. Alichoshindwa kukifuata, nilikiandika upya.

Ndani ya chumba cha mtihani, sehemu (c) iliponitaka nitumie jibu la sehemu (b) ambalo sikuwa nimelipata, niliandika "acha mkondo uwe I" na kuendelea kwa herufi hadi mwisho wa swali, nikaacha nafasi kwenye sehemu (b) ili niirudie baadaye.