Kabla hujanyoosha mkono Seneti: kuisoma rasimu ya sera ya ajira ya wahadhiri

Rasimu ya sera ya ajira ikifika mezani, wahadhiri wengi hukimbilia jadweli la mishahara na posho. Mishahara iache kwanza. Fungua ukurasa unaotaja sheria, maana hapo ndipo unapojua kama rasimu imeandikwa kwa ajili ya Zanzibar au imenakiliwa kutoka chuo cha Bara ikabadilishwa jina tu.

Elimu ya juu ni jambo la Muungano, ndiyo maana Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inaidhinisha programu za vyuo vya hapa Zanzibar, vya Tunguu na Chukwani, kama inavyoidhinisha za Dodoma. Masuala ya kazi hayamo katika orodha ya Muungano. Mhadhiri wa hapa anaajiriwa chini ya Sheria ya Ajira Nam. 11 ya 2005 na Sheria ya Mahusiano Kazini Nam. 1 ya 2005, zote za Baraza la Wawakilishi, na chuo cha umma kinaongeza Sheria ya Utumishi wa Umma Nam. 2 ya 2011. Ukiona rasimu inataja sheria ya ajira ya Bara ya 2004, au inasema mgogoro utapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, irudishe. Hilo si kosa la uchapaji. Tume hiyo ni ya Bara. Mgogoro wa kazi wa Zanzibar unakwenda kwenye kitengo cha migogoro kilichowekwa na sheria ya hapa, kisha Mahkama ya Kazi. Mtu aliyeachishwa kazi akifuata maelekezo ya sera yenye kosa hilo, anagonga mlango usiokuwa wake huku muda wa kufungua shauri ukimpita.

Baada ya hapo tazama nani ana mamlaka ya nini. Kwa mpango wa kawaida wa vyuo vyetu, Seneti inashika taaluma: mitaala, mitihani, viwango vya walimu. Baraza la Chuo linashika fedha, mali na ajira. Tatizo liko katikati. Vigezo vya kupandishwa cheo ni taaluma au ajira? Na mzigo wa vipindi kwa wiki? Ni vyote viwili, na kwa kuwa ni vyote viwili huwa rahisi kuvipitisha kwenye kamati ya utumishi ya Baraza bila Seneti kuviona. Kinga yake ni sentensi moja ndani ya sera yenyewe: kwamba kifungu chochote kinachogusa vyeo, mzigo wa ufundishaji, utafiti au likizo ya masomo hakibadilishwi na Baraza mpaka liwe limepokea ushauri wa maandishi wa Seneti. Bila neno "maandishi", simu ya dakika mbili itaitwa ushauri.

Tazama pia rasimu imewekwa wapi katika ajenda. Ikiwekwa chini ya "Taarifa", Seneti inajulishwa tu. Haijadili wala haipigi kura. Ikiletwa chini ya "Mengineyo", saa nane mchana, watu wanataka kwenda kuswali na kula, mjue hapana mjadala hapo. Mjumbe ana haki ya kuomba, mwanzoni kabisa wakati wa kuthibitisha ajenda, kwamba jambo hilo liwe ajenda ya kujadiliwa au liahirishwe. Ukingoja lifikiwe umeshachelewa. Na kikao kinachofuata, soma kumbukumbu kabla ya kuzithibitisha: "Seneti ilijulishwa" na "Seneti ilijadili na kushauri" zitakuwa na uzito tofauti kabisa mbele ya msuluhishi.

Wenzetu wa kampasi za Pemba ndio wanaoumia zaidi. Makabrasha yakitumwa jioni kwa kikao cha asubuhi Unguja, boti haisubiri. Kanuni za vikao ziseme wazi: makabrasha siku saba kabla, na anayeshiriki kwa njia ya mtandao ahesabiwe katika akidi na apige kura. Bila hilo la pili, mtu wa Pemba atasikiliza tu.

Sasa kutambuliwa, na hapa ndipo penye kazi hasa. Kwanza, kutambuliwa kwa chama cha wafanyakazi. Jumuiya ya wanataaluma iliyosajiliwa kama jumuiya ya kawaida inaweza kuandaa makongamano na kuandika barua, lakini haiwezi kumlazimisha mwajiri kukaa mezani kujadiliana. Anayejadiliana ni chama kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Mahusiano Kazini na chenye wanachama walio wengi katika kundi husika la wafanyakazi. Ugomvi wote unakuja kwenye maneno hayo "kundi husika". Chukua mfano wa chuo chenye wahadhiri 140 na watumishi wengine 120. Kundi likiwa wahadhiri peke yao, mnahitaji fomu za uanachama 71. Uongozi ukisema kundi ni watumishi wote 260, mnahitaji 131, na fomu zenu 90 mlizozitafuta kwa jasho hazitoshi. Basi kubalianeni juu ya kundi, kwa barua, kabla ya kuanza kukusanya fomu.

Halafu kuna walioko masomoni. Chuo kinaweza kuwa na wahadhiri wengi nje wakisomea uzamivu. Wanabaki kuwa waajiriwa, wanahesabiwa katika idadi ya wote, lakini fomu zao hazipo. Kila anayeondoka asaini fomu ya uanachama na idhini ya kukatwa ada kabla ya kupanda ndege. Fomu isiyo na tarehe, au yenye jina lisilolingana na la orodha ya mishahara, itakataliwa, na kwa majina yetu haya ya Mohamed, Muhamed na Mohammed, makosa hayo ni mengi kuliko mtu anavyodhani.

Pili, kutambuliwa kwa utumishi na cheo. Swali la kuuliza ni moja: cheo kinaanza lini? Tuseme faili la kuomba kupandishwa cheo limewasilishwa Septemba 2023, watathmini wa nje wakachelewa, kamati ikakaa Julai 2024, barua ikatoka Oktoba 2024. Sera ikikaa kimya, mshahara mpya unaanza Oktoba 2024. Hasara kubwa zaidi ni kwamba miaka mitatu ya kungojea cheo kinachofuata nayo inahesabiwa kutoka hapo. Miezi 13 imepotea kwa uzembe usio wa mwombaji. Kifungu kiseme cheo kinaanza tarehe faili kamili lilipopokelewa, na mrajisi atoe stakabadhi yenye tarehe hiyo.

Viwango vipya navyo vinataka mpaka. Siku hizi kawaida inayotakiwa kwa kuajiriwa ni wastani wa alama (GPA) wa 3.8 shahada ya kwanza na 4.0 uzamili. Ni sawa kwa anayeingia leo. Lakini sera isipoweka kifungu cha mpito, mhadhiri aliyeingia kwa vigezo vya zamani atakwamishwa kupanda kwa cheti ambacho chuo chenyewe kilikikubali siku ya kumwajiri.

Na machapisho. Rasimu ikidai makala zote ziwe katika majarida yaliyomo kwenye kanzidata za kimataifa kama Scopus, walimu wa Kiswahili, fasihi na historia watabaki chini milele, kwa sababu majarida yao ya kitaaluma, kama Mulika na Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hayakujengwa kwa mizani hiyo. Kwa visiwa hivi, kuadhibu anayeandika kwa Kiswahili ni jambo la kushangaza. Dai orodha ya majarida itakayopitishwa na kila Bodi ya Skuli na kuthibitishwa na Seneti.

Mkihitaji hoja ya nje, lipo Pendekezo la UNESCO la Novemba 1997 kuhusu hadhi ya walimu wa elimu ya juu, linalosema wanataaluma wawe na haki ya kuchagua wajumbe walio wengi katika vyombo vya kitaaluma vya chuo. Halimfungi mwajiri kisheria. Litumieni kama hoja ya pili. Ya kwanza iwe sheria ya Zanzibar na sheria iliyoanzisha chuo chenu. Kwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), kwa mfano, shina ni Sheria Nam. 8 ya 1999 pamoja na marekebisho yake, na vyuo binafsi vina hati idhini yao. Iombeni, muisome.

Sera ikishapitishwa, mara nyingi huja mkataba mpya wa kusaini ndani ya siku mbili. Usikatae kuupokea. Andika "Nimepokea, sijakubali, naomba muda wa kusoma", weka tarehe na saini, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa masjala.