Siku yangu na punje za mchanga (na hapana, sipimi dhahabu)

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko steji Githurai, mvua inanyesha na nauli imepanda. Saa moja niko maabara, chai, koti. Mpaka saa nne ni kuponda mawe na kuchekecha, nibaki na punje za maikroni 63 hadi 250 (maikroni elfu moja ni milimita moja). Vumbi na kelele tu, hakuna stori hapo.

Mawe ya wiki hii ni ya Duruma, kule nyuma ya pwani. Mazeras, yale mawe bapa mnayoweka kwa parking, ni ya huko huko. Ni mchanga uliobebwa na mito ya kitambo, karibu miaka milioni 200 na kupanda, na mimi nataka kujua mito iliutoa wapi. Milima yenyewe ilishalika.

Saa tano namimina mchanga kwa faneli yenye maji ya tungsteni, uzito gramu 2.85 kwa mililita. Kwatzi ni 2.65 inaelea, zirkoni, punje ninazozitaka maana umri wake ndio unaniambia mchanga ulitoka wapi, ni 4.6 hivi inazama. Maji hayo ni ghali, hata tone hatumwagi.

Sasa hapo ndio mzee mmoja akaingia na kiroba. "Madam, nipimie dhahabu, nimetoka nayo Migori usiku kucha." Nikamwambia mzee pole na safari, lakini hapa hatupimi dhahabu, akasema sawa, angalia tu, na kabla sijaweka faneli chini ashafungua kiroba juu ya meza yangu akapiga mawe mawili pamoja nione yanavyong'aa. Vumbi puu! Kando yake kuna sahani ya sampuli ya juzi, iko wazi. Yeye anaona vumbi, mimi naona zirkoni za Migori za zaidi ya miaka bilioni 2.5 zikiingia kwa mchanga wangu wa Duruma, halafu mimi niandike eti mto ulitoka Nyanza, huko Migori, wakati punje za upande wa Taita nyingi hazifiki hata bilioni moja. Kazi ya siku mbili nikamwaga. Mzee akauliza, "Kwani hiyo ilikuwa na dhahabu?"

Sikula lunch.

Mchana sijui saa ngapi, ni maikroskopu na sindano, punje moja moja. Nyingine ina ncha kali haikusafiri mbali, nyingine imeviringika kama yai la mjusi hiyo imebingirishwa sana, pengine ilishakaa kwa jiwe lingine kabla ya hili. Zinatumwa nje kupigwa leza, uraniamu ndani inageuka risasi (ile metali, lead) kwa mwendo usiobadilika, nusu kila miaka bilioni 4.47, ndio umri unapatikana. Nalenga punje 117 kwa kila jiwe, shingo imekauka, kupiga chafya ni marufuku, kucheka pia.

Nimefika 94 stima ikapotea. Nikafunika sahani gizani, nikaizungushia selotepu, nikaandika 94 juu kwa taa ya simu.